Fedha za Njia: Kutoka Daraja la Nyali Hadi Reli ya Kisasa

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa jioni katika ukumbi wa kanisa, Kongowea, mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi kutoka Kisauni, Likoni na Changamwe)



Tumeombwa tuseme juu ya fedha za umma na vyombo vya usafiri. Tulipokuwa tukiingia, mwenzetu mmoja alitushika mkono akatuuliza barabara na reli zina uhusiano gani na mageuzi, kwani yeye alikuja kusikia habari za katiba na kura. Nasi tukamuuliza amefikaje hapa. Akatueleza kwamba alitoka kwake Likoni saa tisa alasiri, akangoja feri, akavuka, akapanda matatu hadi katikati ya mji, akapanda ya pili, wakakwama darajani, akashuka Kengeleni na kutembea kando ya barabara penye mtaro ulio wazi. Alifika saa kumi na mbili kasorobo. Ni saa tatu kasorobo, ndani ya mji mmoja. Mtu huyo anayo kura, na ameipiga mara kadhaa tangu Kifungu cha 2A kilipoondolewa katika katiba mwezi wa Desemba 1991. Lakini juu ya saa zake hizo tatu kasorobo hajaulizwa na mtu yeyote. Hapo ndipo tutakapoanzia.

Kongowea ni jina la zamani. Wahenga walilitumia kwa Mombasa nzima, kabla halijabaki kuwa jina la mtaa huu na soko lake. Ng'ambo hii ndiko walikowekwa watumwa walioachwa huru, katika makao ya Freretown yaliyoanzishwa mwaka 1875, na kengele yao ingali pale njia panda. Wazee hutusimulia kwamba ililizwa ili kuwaonya watu walipoonekana wafanyabiashara ya utumwa. Leo utingo wa matatu huliita jina lake mara elfu kwa siku, "Kengeleni! Kengeleni!", na abiria wengi hushuka bila kuinua macho kuitazama.

Kutoka hapa hadi kisiwani pana mkono mwembamba wa bahari. Mwaka 1931 palifunguliwa daraja lenye kuelea, lililokaa juu ya mapantoni, likipanda na kushuka pamoja na maji. Mwaka 1980 likafunguliwa daraja la zege tulilo nalo, lenye njia sita. Na kule kisiwani, tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa hadi miaka ya 1920, palikuwa na vigari vidogo vilivyokwenda juu ya reli nyembamba. Waliopanda walikuwa maofisa wa kikoloni na matajiri. Waliosukuma walikuwa Waafrika, kwa miguu mitupu. Nao huo, ndugu zetu, uliitwa usafiri wa kisasa. Twaukumbusha kwa sababu kila chombo kipya kinapoletwa kwa sifa na bendera, lipo swali la kale linalofaa kurudiwa: nani amepanda, na nani anasukuma?

Basi tutazame nani anasukuma leo.

Iko sheria ya mwaka 1993 iliyoanzisha mfuko wa kutengeneza barabara, nao hujazwa kwa tozo ya kila lita ya petroli na dizeli. Kwa miaka minane tangu 2016 tozo hiyo ilikuwa shilingi 18. Mwezi wa Julai 2024 ikawa shilingi 25. Tuseme dereva mmoja wa tuktuk hapa Kongowea hutumia lita sita kwa siku. Kwa siku hutoa shilingi 150. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 3,900, na kwa mwaka ni shilingi 46,800. Hapo hatujataja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwezi wa Julai 2023 ilipandishwa kuwa asilimia 16 ya mafuta. Naye dereva hazitoi mfukoni mwake fedha hizo. Huzitia katika nauli. Anayezitoa ni mama aliyepakia kreti mbili za nyanya kwenda kuuza Bamburi, na mama huyo huziongeza kidogo kidogo katika bei ya fungu la nyanya. Kwa hiyo hata ajuza asiyetoka nyumbani, anayeletewa nyanya tatu na mjukuu wake, amechangia barabara. Jina lake haliko katika daftari lolote la walipa ushuru, lakini amelipa.

Tena upo ushuru wa reli. Ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na tangu hapo umekuwa ukipandishwa na kushushwa kati ya kiwango hicho na asilimia 2. Mwenye kununua shati la mtumba, na mwenye pikipiki anayebadilisha tairi, wote wawili wamekata tikiti ya treni bila kuipanda.

Mwaka 2025 jambo jipya likaongezwa juu ya hayo. Shilingi 7 katika zile 25 za kila lita ziliwekwa rehani, ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kulipia madeni ya makandarasi wa barabara. Makandarasi wana haki ya kulipwa, na wengine wamefilisika kwa kungoja. Lakini elewani maana yake: petroli ambayo haijanunuliwa bado imekwisha kutumiwa. Kijana anayejifunza kuendesha tuktuk leo ataingia kazini akiwa na deni ambalo hakulikopa.

Hatusemi haya ili tuwachukize watu na kodi. Nchi isiyotoza kodi haina njia wala shule. Twasema ili ndugu yetu aondokane na fikira moja iliyotukaa tangu zamani, kwamba barabara ni hisani ya mkubwa, tunayopaswa kuipokea kwa ngoma na kuishukuru kwa kura. Atoaye fedha ana haki ya kuuliza hesabu, wala hamvunjii mtu heshima kwa kuuliza.

Sasa tuje kwenye reli, kwa maana ndiyo iliyobeba fedha nyingi kupita zote.

Reli ya zamani ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Upana wake ulikuwa mita moja, nayo ilihudumu zaidi ya miaka mia, hata ikachoka, na treni ya Nairobi ikawa ya kulala njiani na kuomba Mungu asubuhi ifike. Ujenzi wa reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ulianza Desemba 2014 kwa mikopo ya benki ya serikali ya China ya biashara ya nje, nayo ikafunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Tuseme kweli: ni kitu kizuri. Safari imekuwa ya saa tano hivi. Wazee wetu wameipanda kwenda kutibiwa Nairobi wakarudi bila kuvunjika mgongo. Vijana wanaoidharau kwa sababu tu waliijenga wageni, hatukubaliani nao.

Lakini uzuri wa chombo haujibu maswali ya chombo. Treni zetu zinakwenda kwa dizeli. Reli ya Addis Ababa hadi Djibouti, iliyofunguliwa Oktoba 2016, miezi minane tu kabla ya yetu, inakwenda kwa umeme. Ile ya ndugu zetu Watanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma mwaka 2024, nayo ni ya umeme. Na sisi, ambao umeme wetu mwingi hutoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa maji na kwa upepo, tukanunua vichwa vya treni vinavyokunywa mafuta ya kuagizwa kwa meli. Yawezekana lilikuwapo jibu jema. Reli ya umeme hugharimu zaidi mwanzoni, na waya zinahitaji umeme usiokatika. Wahandisi wanaweza kulijadili jambo hilo mpaka usiku wa manane, na pengine tungeshawishika. Ila jibu hilo lilitolewa wapi, na ni nani kati yetu aliyelisikia?

Halafu reli ikaishia Miritini. Kwa miaka baada ya kufunguliwa, abiria aliyefika kutoka Nairobi kwa saa tano alishuka pale akaanza safari nyingine ya matatu kuingia mjini, na jioni ya msongamano saa nzima humpita kabla hajafika Kongowea. Tikiti ya kawaida iliyoanza kwa shilingi 700 mwaka 2017 ilifika 1,500 mwezi wa Januari 2024. Kwa familia ya watu watano, kwenda na kurudi ni shilingi 15,000. Hesabu hiyo kila mmoja ataifanya nyumbani kwake.

Lililotuuma zaidi, sisi wa pwani, lilikuja Agosti 2019. Likatoka agizo kwamba mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli. Mkopo ulitaka kulipwa, na treni tupu hailipi mkopo. Kwa mwenye kalamu jambo hilo lilikuwa hesabu. Kwa Changamwe, Miritini na Mariakani lilikuwa sahani. Dereva wa lori alikaa, na turnboi wake naye. Fundi wa matairi akakunja turubai. Mama wa chapati na chai ya rangi akapunguza unga, akapunguza tena, kisha akafunga. Watu wakaandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu, na baadhi yenu mlioko hapa mliandamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa ikalikataa agizo lile, na moja ya sababu ni kwamba umma haukushirikishwa. Mwezi wa Septemba 2022 serikali mpya iliamuru huduma za mizigo zirudi Mombasa.

Hatutaki mtu atoke hapa akisema tulipinga treni kubeba mizigo. Treni moja hubeba makontena mengi, hupunguza malori barabarani, na kila anayetembea kando ya barabara ya Changamwe ajua lori ni nini. Tulichopinga ni mtu kuamka asubuhi na kukuta kazi yake imehamishwa kwa barua. Teknolojia mpya huwaondoa watu kazini popote duniani. Utawala bora huwaambia mapema, ukawaonyesha pa kwenda.

Na mikataba? Kwa miaka tuliambiwa ni siri. Mahakama ya Rufaa iliamua mwezi wa Juni 2020 kwamba Shirika la Reli lilikiuka sheria katika kutafuta mkandarasi. Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo mwaka 2023. Wanasheria watabishana, nasi twaheshimu mahakama. Lakini lipo shauri lingine, dogo kwa kelele na kubwa kwa maana. Wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, wakiungwa mkono na muungano wa Okoa Mombasa, walikwenda Mahakama Kuu hapa Mombasa na ombi moja jepesi: tuonyeshwe mikataba. Walitegemea Kifungu cha 35 cha katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Mwezi wa Mei 2022 wakashinda. Mwezi wa Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi akaitoa mikataba ya mikopo hadharani. Ndipo tukasoma kwamba masharti yalipaswa kuwekwa siri, kwamba sheria itakayoutawala mkataba ni ya China, na kwamba ugomvi ukitokea utaamuliwa Beijing. Fedha zetu, reli yetu, na mashahidi wetu wapande ndege.

Twaomba mlizingatie jambo hilo: miaka minane ilipita tangu mkopo hadi siku tulipousoma. Laiti tungeusoma mwaka 2014, maswali ya umeme, ya Miritini na ya madereva yangeulizwa wakati bado kalamu ilikuwa mkononi.

Sasa Likoni. Hapa twaomba tuseme taratibu, maana wapo humu wenye kulia.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu. Ilijengwa kubeba watu 300, nayo ilikuwa imebeba zaidi sana. Walikufa watu 272, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma na kutumbukia kutoka MV Harambee, feri iliyokuwa kazini tangu mwaka 1990, likiwa na mama na binti yake mdogo. Taifa zima likasimama ufukweni karibu wiki mbili, mpaka walipotolewa. Kati ya misiba hiyo miwili vyombo vipya vilinunuliwa: MV Kwale na MV Likoni mwaka 2010, MV Jambo mwaka 2017. Havikununuliwa bure, na twavishukuru. Lakini kila mtu wa Likoni ajua feri moja ikiwa mbovu kinatokea nini pale kwenye mteremko, na watu zaidi ya laki tatu wahitaji kuvuka kila siku.

Sisi twaona hivi. Fedha za kununua chombo hupatikana upesi, kwa sababu siku ya kununua ina utepe, hotuba na picha katika magazeti. Fedha za kukipaka grisi, kukibadilishia injini na kukitoa majini kwa matengenezo hazina utepe. Hakuna waziri aliyewahi kualika bendi ya polisi ije kushuhudia boliti ikikazwa. Na injini haijali nani alikata utepe.

Januari 2021 umma ulianza kuvuka kwa daraja la miguu la Liwatoni, lenye kuelea, lililogharimu kiasi cha shilingi bilioni 1.9. Miaka tisini baada ya Nyali, kusini nako kukapata daraja la mapantoni! Lilisaidia wakati wa korona, watu walipokatazwa kusongamana. Lakini urefu wake ulipita nusu kilomita, nalo lilikuwa likifunguliwa katikati meli zipite, na mwenye mzigo kichwani au mtoto mgongoni aliendelea kuitazama feri. Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, ikafunguka yote, na mwenye gari akaweza kwenda Kwale bila kugusa maji. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Mwenye miguu bado yuko Likoni, anangoja. Tutazame mpangilio wa mambo: wachache wenye magurudumu wamepewa njia kavu kwanza, na wengi wenye miguu wamebaki majini. Si lazima iwe ni kwa ubaya wa moyo. Hutokea hivyo pale ambapo anayechora ramani hajawahi kungoja feri.

Wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa na taabu hiyohiyo pale Kigamboni. Daraja lao lilifunguliwa Aprili 2016, na asilimia 60 ya gharama ilitoka katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani akiba ya wafanyakazi wenyewe. Likaja na ushuru wa kuvuka, na watu wakalalamika kwa miaka mpaka ukapunguzwa. Mwezi uliofuata, Mei 2016, yakaanza mabasi ya mwendokasi katika njia yake mwenyewe, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mafuriko ya Jangwani yakayatesa kwa sababu karakana iliwekwa mahali pa maji. Twasema haya ili msidhani ng'ambo ya Horohoro kuna pepo. Lakini katika hayo mawili mwenda kwa miguu na mpanda basi walifikiriwa mapema.

Jambo la Jomvu tutalipitia kwa maneno machache, kwa kuwa wengi mnalijua. Usiku wa tarehe 17 Mei 2015, wakati wa upanuzi wa barabara ya Mombasa kwenda Mariakani, nyumba na vibanda vya zaidi ya watu mia vilibomolewa. Shirika la Amnesty International likaandika ripoti mwaka huo, na mamlaka ya barabara kuu ikakiri kwamba ilikosea. Kukiri ni jambo la kiungwana. Hata hivyo tingatinga la usiku halirudishi kitanda cha mtu.

Tumefika nyumbani. Barabara inayopita hapa mlangoni, kutoka Daraja la Nyali kupitia Kongowea, Bombolulu na Bamburi hadi Mtwapa, na kutoka hapo hadi Kwa Kadzengo na Kilifi, ni sehemu ya mradi ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia fedha mwezi wa Desemba 2019, pamoja na sehemu ya Tanzania kutoka Bagamoyo. Kwa upande wetu ni kilomita zipatazo 54. Ni mkopo, utalipwa na sisi na watoto wetu, na twautaka. Atakayesema hatutaki barabara pana hajakwama darajani na mgonjwa.

Lakini soko la Kongowea si kituo tu cha kupitia. Vitunguu na machungwa vyaja kutoka Tanzania, viazi kutoka bara, maembe kutoka Kilifi, na kabla ya alfajiri vyote vimeshuka hapa kwa lori. Kutoka lorini hadi kibandani, na kutoka kibandani hadi kwa tuktuk, kila kitu hupita juu ya kichwa cha hamali au juu ya mkokoteni. Mkokoteni hautajwi katika hotuba za usafiri wa kisasa. Hauna njia yake, hauna maegesho, na katika michoro huitwa kizuizi. Uondoeni siku tatu tu mwone kama Nyali na kisiwa chote watapata sukuma wiki. Hatuombi mkokoteni ubaki milele; kijana hapaswi kuzeeka akivuta kilo mia tano. Siku hizi kuna tuktuk za umeme, na huko Nairobi mabasi ya umeme yamekuwa barabarani tangu mwaka 2022. Kama fedha za umma zaweza kujenga njia sita za magari, zaweza pia kujenga uga mmoja wa kushushia mizigo wenye sakafu, taa na mahali pa kuchajia, ili hamali wa leo awe dereva wa kesho badala ya kufukuzwa.

Nasi tuna mabingwa karibu. Hapo Bombolulu, ng'ambo ya barabara hiihii, watu wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi za mikono kwa miaka zaidi ya hamsini, na viti vya magurudumu ni miongoni mwa kazi hizo. Hiyo ni teknolojia ya usafiri iliyotengenezwa na mikono ya jirani zetu. Sasa mwenye kiti hicho atoke pale avuke njia za magari aje sokoni. Atapita wapi? Kama jibu ni daraja la miguu lenye ngazi, basi tumemjengea ukuta na kuuita daraja.

Ndugu zetu, tuseme tufanye nini. Sheria ya kupata habari ilipitishwa mwaka 2016. Wengi wadhani ni ya mawakili. Sivyo. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, ofisa wa ofisi hiyo analazimika kumwandikia maneno yake. Kuwasilisha ombi hakuna ada, ila waweza kutozwa gharama ya nakala. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, na kama habari yahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ukinyimwa, iko tume ya taifa inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya maofisa, nayo ina mamlaka ya kuamuru utolewe waraka. Asikudanganye mtu kwamba ni lazima ueleze unaitakia nini habari hiyo. Hulazimiki.

Na fedha za kaunti zina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kuwa tayari tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mara nyingi sisi huenda Juni, tukiwa na mabango, wakati karatasi zimekwisha kupigwa muhuri. Barabara kuu ni ya serikali ya taifa, lakini vichochoro vya soko, mitaro yake na taa zake ni vya kaunti, na huko ndiko kikao cha watu kumi na watano kilichohudhuriwa na watu wetu watano kinavyoweza kusogeza shilingi. Chama chochote kiwe madarakani, tarehe hizo hazibadiliki.

Tumekwisha kuandaa barua, na hatukuwaita hapa kusikiliza tu. Ina maombi manne. Ya kwanza ni michoro ya barabara kutoka darajani hadi Bombolulu, ionyeshayo mahali pa kuvukia na njia ya waendao kwa miguu. Ya pili ni kiasi cha fedha kilichotengwa kwa njia hiyo ya miguu, mbali na ile ya magari. Ya tatu ni idadi ya wenye vibanda waliolipwa fidia na ya wanaongoja, bila kutaja majina yao. Ya nne ni jina la ofisi itakayozibua mitaro na kuwasha taa siku mkandarasi atakapofunga virago, na fungu la bajeti litakalotumika. Imeandikwa kwa Kiswahili, kurasa mbili.

Iko juu ya meza pale mlangoni, na kalamu zipo. Wenye kuweza kutia sahihi watie kabla ya kutoka. Asiyejua kuandika kuna binti wawili wa kwaya watakaomsomea yote kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha aweke dole gumba. Waliotoka Likoni watangulizwe, kwa sababu wao bado wana feri ya kungoja.